Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu: kompyuta za shule zetu bado ni nzima

Waheshimiwa,

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi (programu kuu inayoiendesha kompyuta) ilioutoa Julai 2015 na ambao ndio uliomo katika kompyuta za maabara za shule ninazozifahamu. Habari hiyo ilizungumzwa mtandaoni kwa siku chache, watu wakabishana kuhusu kompyuta zao binafsi, kisha mazungumzo yakahamia kwenye akili mnemba na simu mpya. Ninawaandikia ninyi mnaosimamia Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, TAMISEMI inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, Taasisi ya Elimu Tanzania, Baraza la Mitihani na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kwa sababu mimi ni mwalimu wa somo la kompyuta katika shule ya sekondari ya serikali, na ninaona uamuzi uliofanywa na kampuni iliyo ng'ambo ukianza kugeuka kuwa uamuzi wetu bila kikao chochote cha kwetu kuujadili.

Kinachotokea ni hiki. Fundi anaitwa shuleni kutazama kompyuta, anakuta mfumo wake umepitwa na wakati, anajaribu kuweka Windows 11, inakataa, naye anaandika katika taarifa yake kwamba kifaa hakifai tena kwa matumizi. Taarifa hiyo inaingia kwenye faili la mali za shule, na kompyuta inasogezwa hatua moja karibu na stoo ya vifaa chakavu. Fundi hakudanganya, kwa sababu aliandika alichokiona kwenye kioo. Tatizo ni kwamba hakuna mwongozo unaomwelekeza la kufanya zaidi ya hapo.

Naomba tuitazame kwa karibu mojawapo ya kompyuta hizo. Ni ya mezani, ina prosesa, yaani ubongo wake, ya Core i3 ya kizazi cha nne, RAM ya GB 4 na diski ya GB 500. Herufi mbili za kibodi yake zimefutika kwa kubonyezwa na vidole vya wanafunzi, feni yake inapiga kelele kidogo asubuhi, na umeme ukikatika inazimika mara moja kwa kuwa betri ya UPS, kifaa cha kuhifadhi umeme wa dharura, ilishakufa. Mbali na hayo ni nzima. Inawaka, inaandika barua, inapiga hesabu za jedwali, inafungua video ya somo la baiolojia, inatuma karatasi kwenye printa. Hakuna kitu ndani yake kilichoharibika usiku wa kuamkia tarehe 15 Oktoba.

Kinachoifanya ikataliwe na Windows 11 ni masharti ambayo mfumo huo ulikuja nayo ulipotolewa mwaka 2021: kompyuta iwe na chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, na kama prosesa yake ni ya Intel, basi iwe ya kizazi cha nane au zaidi, isipokuwa chache tu za kabla ya hapo. Prosesa za kizazi hicho zilianza kuingia sokoni mwaka 2017. Hivyo kompyuta iliyonunuliwa mpya mwaka 2016, na karibu kila kompyuta ya mtumba tuliyopewa kwa hisani kabla ya hapo, haina nafasi. Chipu hiyo ina kazi yake halali, nayo ni kutunza funguo za siri zinazolinda data za mwenye kompyuta, na sishangai benki au wizara ikiihitaji. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayejifunza kuandika fomula ya wastani kwenye jedwali haihitaji.

Wapo watakaosema kwamba basi tuendelee na Windows 10 kama ilivyo, maana inawaka. Hilo ndilo linalofanyika sasa katika shule nyingi, na linanitia hofu kuliko jambo lolote jingine. Kila anayefundisha maabara anajua safari ya flashi ya mwanafunzi: inatoka shuleni mchana, inapita steshenari kwenda kuchapisha kazi ya mradi, inarudi kesho yake, na ukiichomeka unakuta mafolda yote yamegeuka kuwa njia za mkato ambazo ukizibofya zinaambukiza kompyuta nyingine. Hadi saa nne asubuhi maabara nzima imeshapata. Huyo ni kirusi wa zamani, msumbufu tu. Mei 2017 programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilifunga mafaili ya kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia, hospitali za umma za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa, ilhali kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu la Windows ililopitia, kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka huo. Walioumia zaidi ni wale ambao kompyuta zao hazikuwa zimesasishwa. Maabara inayobaki na Windows 10 bila masasisho inajiweka katika kundi hilo kwa kujua, na kompyuta zile zile ndizo ambazo walimu wenzangu huzitumia kuhifadhi alama, majina na tarehe za kuzaliwa za watoto.

Haki inanitaka niseme pia kwamba kampuni yenyewe iliweka mlango wa kutokea. Kwa taasisi za elimu ilitangaza masasisho ya ziada kwa dola 1 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, dola 2 mwaka wa pili na dola 4 mwaka wa tatu, bei ambayo ni ndogo sana ukiilinganisha na dola 61 za mwaka wa kwanza inazotozwa biashara. Dola 7 kwa miaka mitatu si fedha ya kuishinda halmashauri. Lakini mlango huo uko wazi kwa mwenye leseni halali na mkataba wa elimu, na hapa lazima tuambiane ukweli ambao maofisini hatuupendi. Kompyuta nyingi zinazopita mikononi mwa mafundi wetu zinawekewa Windows isiyolipiwa, ikaamshwa kwa vijiprogramu vya kuvunja ulinzi vinavyonakiliwa kutoka flashi hadi flashi, na mara nyingi vijiprogramu hivyo vyenyewe ndivyo vinavyobeba virusi. Tunamfundisha mtoto maadili ya matumizi ya TEHAMA, sura nzima kitabuni kuhusu haki za wabunifu, huku programu aliyoifungua kusoma sura hiyo haikununuliwa. Na hata penye leseni, baada ya miaka hiyo mitatu tutarudi mahali hapa hapa tukiwa na kompyuta zile zile.

Ombi langu, Waheshimiwa, ni kwamba kompyuta za maabara zisizoweza kupokea Windows 11 ziwekewe mfumo endeshi huria wa jamii ya Linux, yaani ule ambao yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuunakili na kuurekebisha, na kwamba somo na mtihani wa kompyuta vifunguliwe visifungwe kwenye vitufe vya bidhaa ya kampuni moja. Sehemu ya pili ya ombi ndiyo ngumu, na nitaieleza kwa urefu, kwa sababu bila hiyo ya kwanza haitafika popote.

Linux si jambo geni wala la majaribio. Kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, mwaka 1991. Simu zote za Android zinaendeshwa juu ya kiini hicho, na tangu mwaka 2017 kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zimekuwa zikiendeshwa nacho. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye simu janja ya mzazi nyumbani ameshakitumia bila kuambiwa. Kwa kompyuta ya aina niliyoieleza hapo juu, Linux Mint katika toleo lake jepesi inatosha kabisa. Niliiweka katika mojawapo ya kompyuta zilizoandikwa kuwa hazifai. Inawaka upesi kuliko ilivyokuwa, LibreOffice imo ndani kwa ajili ya maandishi, majedwali na mawasilisho, programu za kuchora na za kujifunzia kuandika msimbo zinapatikana bila malipo, na kirusi kile cha njia za mkato kikifika kwenye flashi hakina pa kushika. Mwanafunzi wa kwanza kuikalia hakuniuliza mfumo gani. Aliniuliza kama inafungua faili lake, nalo lilifunguka.

Wenzetu wamepita njia hii, na si wote waliofika. Jimbo la Kerala huko India lilianza mradi wake wa kompyuta shuleni mwaka 2001, likahamia programu huria katika shule zake za umma, likatengeneza toleo lake la Linux lenye lugha ya Kimalayalam na vitabu vinavyoendana nalo, na mtihani wa vitendo wa darasa la kumi ukawa unafanyika humo humo. Jiji la München huko Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuhamisha kompyuta za ofisi zake, likahamisha zipatazo 15,000, kisha mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura ya kurudi Windows. Sababu za München zinabishaniwa hadi leo, nyingine za kisiasa na nyingine za kiutawala, ila tofauti moja inaonekana wazi. Kerala ilibadili kompyuta, kitabu, mwalimu na mtihani kwa pamoja, na yote yalikuwa chini ya mamlaka yake, wakati jiji lile lilibaki likibadilishana nyaraka kila siku na ofisi zilizokuwa kwenye mfumo mwingine. Shule inafanana na Kerala. Wanafunzi wangu hawana nyaraka za kubadilishana na wizara. Wana kitabu, zoezi na mtihani, na vyote vitatu viko mikononi mwenu.

Ndiyo maana nasema tatizo halisi ni mtihani. Mwalimu wa Tanzania anafundisha akiutazama mtihani wa mwisho, na hawezi kulaumiwa, maana yeye na shule yake wanapimwa kwa matokeo hayo. Vitabu na mazoezi mengi tunayoyatumia darasani yanamweleza mwanafunzi hatua kwa jina la kitufe na mahali kilipo katika Microsoft Word au Excel: bofya kichupo hiki, chagua amri ile, bonyeza sawa. Mtoto anakariri. Toleo likibadilika na kitufe kikahamia upande mwingine, anapotea, hata kama programu ni ile ile. Mwalimu akithubutu kufundishia LibreOffice, mwanafunzi wake atajua kuunganisha barua moja na orodha ya majina hamsini ya wazazi na kuzichapisha zote, lakini swali likimtaka ataje majina ya amri za programu nyingine, hana la kuandika. Mwalimu mwenye busara anaiona hatari hiyo na kubaki na Windows isiyosasishwa, isiyo na leseni, kwa sababu inalinda ufaulu.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, inataka elimu inayomjengea mwanafunzi ujuzi. Ujuzi wa jedwali ni kujua kwamba seli inaweza kurejelea seli nyingine, kwamba alama ya dola ndani ya fomula inaizuia isihame unapoinakili, kwamba ukipanga safu moja bila kuzijumuisha nyingine umeharibu data ya watu. Mambo hayo ni yale yale katika programu zote za majedwali. Swali la mtihani linaweza kuyapima bila kutaja kampuni yoyote, na kwa kweli litapima zaidi kuliko swali la kutaja vitufe. Naliomba Baraza la Mitihani litoe maelekezo ya maandishi kwamba jibu lililo sahihi kwa programu yoyote ya aina husika linapata alama kamili, na naiomba Taasisi ya Elimu Tanzania iweke katika vitabu vya mitaala hii mipya picha na mifano ya programu huria sambamba na ile ya kulipia. Waraka mmoja wa aina hiyo ungenipa mimi na wenzangu ujasiri ambao mafunzo ya wiki nzima hayawezi kutupa.

Lugha pia ina nafasi yake hapa. Mwaka 2004, katika mradi wa Kilinux, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, yaani programu nzima ya ofisi ikiwa na menyu za Kiswahili. Miaka zaidi ya ishirini imepita, na kila ninapofundisha kidato cha kwanza, watoto waliotoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili na ambao Kiingereza ndiyo kwanza wanakishika, naitamani kazi ile iwe ilipewa bajeti ya kuendelezwa. Programu ya kulipia haiwezi kurekebishwa na idara ya Kiswahili ya chuo chetu hata ikitaka. Programu huria inaweza, kwa ruhusa ile ile inayokuja nayo.

Najua mtauliza nani atazihudumia kompyuta hizo. Mafundi wengi wa mitaani hawajazoea Linux, na baadhi ya printa na mashine za kuskani zitasumbua. Hilo nimelikuta mwenyewe na sitalificha. Lakini kila mwaka wanafunzi wa TEHAMA wa vyuo vikuu, taasisi za teknolojia na vyuo vya ufundi stadi vya VETA wanahangaika kutafuta sehemu ya mafunzo kwa vitendo, wengine wakiishia kupangiwa kazi ya kunakili karatasi. Wawili kati yao wakipelekwa kwenye kundi la shule za kata moja, na mwongozo mmoja wa kuweka mfumo, wataacha maabara zinazofanya kazi na walimu waliofundishwa. Kuhusu intaneti, ambayo shule nyingi hununua kwa vifurushi, masasisho ya Linux yanaweza kupakuliwa na kompyuta moja ya maabara na nyingine zote zikachukua kutoka humo bila kutumia kifurushi tena. Mifumo ya serikali ambayo tunajazia taarifa za wanafunzi hufunguka kwenye kivinjari, kwa hiyo haijali mfumo endeshi uliopo chini yake. Ofisi ya mhasibu na mahali penye programu maalumu ya Windows pabaki na Windows, yenye leseni. Siombi shule nzima ibadilishwe kwa kauli mbiu.

Kuna jambo moja la haraka zaidi. Kampuni ya utafiti wa soko ya Canalys ilikadiria mwaka 2023 kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 duniani zingeweza kukosa thamani sokoni kwa sababu ya masharti haya ya Windows 11. Ofisi na shule za Ulaya na Marekani zinapoziondoa, sehemu yake itavuka bahari kama mtumba na kama misaada, na nyingine zitafika kwetu kupitia wafanyabiashara wanaoziuza kwa bei inayovutia. Wafadhili watatuandikia barua nzuri. Zikija zikiwa na diski nzima na nyaya zake, na tukiwa na mfumo wa kuziendesha, hizo ni maabara kwa shule ambazo hazijawahi kuwa na kompyuta hata moja. Zikija bila mpango wowote, zitakaa miaka miwili kisha zitakuwa taka za kielektroniki zenye madini yenye sumu ya risasi na zebaki, katika dunia ambayo mwaka 2022 ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo na kuthibitika kurejeleza kitaalamu chini ya robo yake. Tofauti kati ya hali hizo mbili inategemea kama mwongozo utakuwepo kabla ya makontena kufika.

Kwa hiyo naomba yafuatayo yaingie katika maandalizi ya bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai. TAMISEMI iwaelekeze wakurugenzi wa halmashauri kwamba hakuna kompyuta ya shule itakayoingizwa katika orodha ya mali chakavu kwa sababu tu imekataliwa na Windows 11. Ipimwe kwanza kwa mfumo huria, na matokeo ya kipimo yaandikwe. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao umekuwa ukizipatia shule za umma vifaa vya TEHAMA, uweke katika masharti ya zabuni zake kwamba kompyuta iweze kuendeshwa na mfumo zaidi ya mmoja, na bei ya leseni ionyeshwe peke yake ili ijulikane tunalipia nini. Mamlaka ya Serikali Mtandao, yenye wataalamu waliokwishajenga mifumo mikubwa ya nchi hii, iandae toleo moja la Linux la shule likiwa na menyu za Kiswahili na Kiingereza, vitabu vya Taasisi ya Elimu vikiwa ndani yake kwa ajili ya shule zisizo na mtandao, na ligawiwe kwa flashi. Na Baraza la Mitihani litoe waraka nilioutaja kabla ya watahiniwa wa mwakani kuanza maandalizi yao.

Kama mkihitaji shule za kuanzia, chagueni chache katika wilaya moja ya mjini na moja ya kijijini, mzipe mwaka mmoja wa masomo, na mtume wakaguzi kuona mahudhurio ya maabara, idadi ya kompyuta zinazowaka na alama za wanafunzi. Matokeo yakiwa mabaya, yatangazwe. Shule yangu iko tayari kuwa miongoni mwake, na mkuu wa shule ameisoma barua hii kabla sijaituma.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa somo la kompyuta, shule ya sekondari ya serikali